Mnada Uko Moshi, Bei Iko New York

Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili moja, yaani karibu nusu kilo. Ilikuwa rekodi mpya. Rekodi ya zamani, ya mwaka 1977, ilikuwa haijafika dola 3.50. Ukame ulikuwa umeipiga Brazil, ambayo peke yake hutoa takribani theluthi ya kahawa yote ya dunia, na Vietnam nayo ilikuwa imetoka kwenye misimu mibaya. Kwa haki, habari hiyo ingekuwa sherehe mkoani Kilimanjaro. Lakini Februari maghala ya vyama vya msingi vya huku mlimani huwa matupu, maana mavuno yetu huanza katikati ya mwaka na kwisha kabla au karibu na Krismasi. Na upungufu hauko maghalani tu. Pita Kilema, Uru, Kibosho, Machame: vihamba vingi, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, vilivyokuwa na mibuni chini ya migomba sasa vina migomba peke yake, au mahindi, au parachichi, au nyumba ya kijana aliyerudi kujenga. Bei kubwa kuliko zote ilipofika, ilikuta mibuni mingi imeshang'olewa.

Ukiuliza nani aliing'oa, utapewa majibu mengi: mibuni imezeeka, chulebuni na kutu ya majani vimeimaliza, mvua zimebadilika, vihamba vimegawanywa kwa watoto hadi vimekuwa vipande, vijana hawataki jembe. Yote yana ukweli ndani yake. Hata hivyo mti uliozeeka hupandwa upya pale unapolipa. Dawa ya chulebuni ipo, na watafiti wa kahawa wa kituo cha Lyamungo walishatoa miche inayostahimili ugonjwa huo. Kijana anayelima nyanya za kumwagilia kule tambarare, kwenye jua kali, hawezi kuitwa mvivu wa jembe. Wakulima wa Kilimanjaro waling'oa mibuni kwa sababu walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Swali langu ni kwa nini hesabu iliyokuwa sahihi kwa kila kaya imegeuka hasara kwa mkoa mzima, na nani alivuna tofauti.

Tuanze na hiyo rekodi yenyewe. Dola 4 za mwaka 2025 si sawa na dola 3 na ushee za mwaka 1977. Ukizipandisha zile za 1977 kulingana na mfumuko wa bei wa Marekani, unapata zaidi ya dola 15 za leo. Maana yake, bei iliyotangazwa duniani kote kuwa ya kihistoria ilikuwa na nguvu ya kununua isiyofika theluthi ya ile ya miaka karibu hamsini iliyopita. Trekta, mbolea, dawa ya kunyunyizia, bomba la mgongoni, ada ya shule, vyote havikukaa vikisubiri kahawa. Mwalimu Nyerere alikuwa akilieleza jambo hili kwa trekta na mkonge: mwaka baada ya mwaka ilibidi tuuze tani nyingi zaidi za mkonge ili kupata trekta lilelile. Watu walimsikiliza, wakamwona mtu wa siasa. Alikuwa anapiga hesabu, kama wale wakulima.

Sasa tuifuate kilo moja ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa, kutoka Moshi. Ikikaangwa inapungua uzito, inabaki kama gramu 840. Ukiweka gramu 8 kwa kikombe, unapata vikombe zaidi ya mia moja. Katika mji wa Ulaya ambako kikombe ni euro 3, ile kilo imezaa zaidi ya euro 300. Kwa bei ya rekodi ya New York, kilo hiyo ilikuwa na thamani ya kama dola 9. Mwaka 2001, wakati wa mporomoko mkubwa, wastani wa bei ya dunia ulikuwa karibu dola 1 kwa kilo, na hiyo ni bei ya kimataifa kabla hujatoa usafiri, ukoboaji, ushuru, makato ya chama na faida ya mnunuzi.

Wengi husimama hapo na kusema tumeibiwa. Mimi naomba tusisimame hapo, kwa sababu mwenye mgahawa wa Berlin hakutuibia. Katika zile euro 3 kuna kodi ya pango, mshahara wa mhudumu wenye bima ya afya na likizo, maziwa, umeme, kodi ya serikali. Hizo ni gharama za kweli. Ila zitazame vizuri. Kila moja imewekwa kwenye bei ya kikombe. Pango likipanda, kikombe kinapanda. Serikali ikiongeza kima cha chini cha mshahara, kikombe kinapanda. Maziwa yakipanda, kikombe kinapanda. Mwaka 2022 mbolea ilipopanda duniani kote baada ya vita vya Ukraine, mkulima wa Kibosho hakuwa na mtu wa kumpandishia bei. Serikali yetu ilibidi iingize ruzuku, yaani gharama ikabebwa na mlipakodi wa Tanzania. Mnywaji wa kahawa hakuguswa nayo.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha unyonyaji kati ya nchi na nchi. Zipo nchi ambazo gharama zao huingia kwenye bei, na zipo nchi ambazo gharama zao hazimhusu mtu. Mshahara wa mhudumu wa Berlin ni sehemu ya bei. Muda wa mama anayechuma kahawa mbivu moja moja, anayeimenya, anayeilaza majini na kuigeuzageuza kwenye chanja siku kwa siku, si sehemu ya bei. Ni kitu anachotarajiwa kukimudu kwa namna yake. Bei inashuka kutoka New York kama amri, na yeye anatakiwa ajibane aingie ndani yake. Mnada wetu wa Moshi, na siku hizi minada ya kanda, ni mahali ambapo namba hiyo inasomwa kwa sauti na kusogezwa juu kidogo au chini kidogo kulingana na ubora.

Kuna mfano mmoja ambao kila nikiufikiria hunikosesha utulivu. Ujerumani, iliyokuwa ikitawala nchi hii wakati mapadri wa Kilema walipokuwa wakieneza mibuni ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19, inatoza kodi maalumu ya kahawa: euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Ni kodi halali, wanailipa raia wao wenyewe, na kiwango chake hakijabadilika kwa miaka mingi. Mwaka 2001, bei ya dunia ilipokuwa karibu dola 1 kwa kilo, hazina ya Ujerumani ilikuwa inapata kwa kilo moja ya kahawa zaidi ya alichopata aliyeilima, aliyeinunua kijijini na aliyeisafirisha hadi bandarini, wote kwa pamoja. Kodi hiyo huingiza karibu euro bilioni 1 kwa mwaka. Mapato ya Tanzania kwa kahawa yote tunayouza nje, ya Kagera, ya Mbinga, ya Mbozi, ya Tarime na ya kwetu, kwa miaka mingi yamekuwa chini ya dola milioni 300. Marehemu Profesa Calestous Juma wa Kenya naye alipenda kukumbusha kwamba mwaka 2014 Afrika nzima ilipata kama dola bilioni 2.4 kwa kahawa, huku Ujerumani, isiyo na mbuni hata mmoja shambani, ikipata bilioni 3.8 kwa kuiuza tena nje.

Jibu la haraka ambalo viongozi wetu wamelizoea ni "kuongeza thamani". Tukaange wenyewe, tufungashe wenyewe. Nakubaliana nalo kwa nusu. Lakini yapo maelezo yanayorudiwa sana kwenye makongamano pale Arusha kwamba Ulaya inatuzuia kwa ushuru wa forodha, na kwa Tanzania maelezo hayo si sahihi. Kahawa iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5 ikitoka nchi nyingine, ila Tanzania, ikiwa kwenye orodha ya nchi maskini zaidi, inaingiza bila ushuru kwa mpango ulioanza mwaka 2001 wa kuruhusu bidhaa zote isipokuwa silaha. Mlango huo uko wazi kwa zaidi ya miaka ishirini na hatujapita kwa wingi. Kizuizi kiko kwingine. Kahawa iliyokaangwa hupoteza ladha kwa wiki, wakati kahawa safi huvumilia miezi ikiwa melini. Pakiti inayopendwa na mnywaji wa Ulaya ni mchanganyiko wa kahawa za nchi kadhaa, na mwenye kiwanda cha Hamburg anazipata zote bandarini kwake; wa Moshi ana ya Moshi. Rafu ya duka kubwa inanunuliwa kwa mkataba na matangazo ya mamilioni. Na anayetaka kujenga kiwanda hapa anakopa kwa riba ya kama asilimia 15, akashindane na anayekopa kwa sehemu ndogo ya hiyo. Mtaji, jina, rafu na mchanganyiko: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondolewa na kauli ya waziri.

Na kwa wanaoamini kwamba tatizo letu ni kulima kitu ambacho kila mtu anakilima, natoa mfano wa kilomita chache tu kutoka uwanja wa ndege wa KIA. Tanzanaiti haipatikani popote duniani isipokuwa Mirerani. Iligunduliwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina la nchi yetu na kuitangaza. Kwa mantiki ya kawaida, mwenye kitu kisichopatikana kwingine ndiye anayepanga bei. Sisi tulikuwa na kitu, Jaipur kule India wakawa na mafundi wa kukata, New York wakawa na maduka na jina. Kwa miongo kadhaa mawe yalitoka ghafi, mengine kwa njia za panya, na sheria ya mwaka 2010 iliyozuia kusafirisha mawe ghafi makubwa haikutosha hadi ukuta wa kilomita zaidi ya 24 ulipojengwa mwaka 2018. Ukuta umesaidia kodi ikusanywe, na vijana wanaofundishwa kukata mawe kwenye Kituo cha Jemolojia pale Arusha ni hatua ya maana kuliko ukuta. Ninachosisitiza ni kwamba hata upekee wa asili haukutupa bei. Bei hukaa kwa aliyeshika hatua ya mwisho, ile inayomkabili mnunuzi.

Basi je, hatukuwahi kuwa na nguvu? Tulikuwa nayo, na ilianzia hapahapa.

Mwaka 1925 wakulima Wachagga waliunda chama chao cha wapanda kahawa, KNPA, wakiongozwa na Joseph Merinyo. Tukumbuke mazingira. Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba makubwa hawakutaka kabisa Mwafrika alime arabika. Kenya walifanikiwa kumzuia kwa muda mrefu. Hapa walishindwa, na sababu mojawapo ni kwamba wakulima walikuwa wameshajipanga, wananunua dawa pamoja na kuuza pamoja. Mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, chini ya sheria mpya ya ushirika. Haikuwa paradiso. Mwaka 1937 baadhi ya wakulima walifanya ghasia dhidi ya chama chao wenyewe, wakipinga bei ndogo na kulazimishwa kuuza kwake tu. Lakini chama kilisimama, kikakusanya kahawa ya maelfu ya kaya, kikauza kwa sauti moja, na kikawa na ubavu wa kumwambia mnunuzi hapana. Shule nyingi za mlima huu, na ada za wasomi wengi waliokuja kuendesha serikali ya nchi huru, zilitoka kwenye magunia hayo. Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa mwaka 1963 kikawekwa Moshi, kwa sababu ushirika ulikuwa umeshaota mizizi hapa.

Kilichofanyika kwa wakulima wa mlima mmoja kilifanyika pia kwa nchi. Mwaka 1962 nchi zinazolima na zinazonunua kahawa zilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Kila nchi muuzaji ilipewa mgawo wa kiasi cha kuuza, ili soko lisifurike na bei isiporomoke. Mkataba ulikuwa na kasoro zake: uliwabeba waliokuwa wakubwa tayari, na serikali nyingi, yetu ikiwemo, zilichukua tofauti ya bei badala ya kuifikisha kwa mkulima. Hata hivyo bei haikuwa kamari. Julai 1989 mgawo ule ulivunjika. Ndani ya miezi michache bei ilishuka karibu nusu.

Kwa nini ulidumu na kwa nini ulivunjika? Hapa ningependa msomaji atulie nami kidogo. Marekani haikuingia kwenye mkataba ule kwa huruma. Ilikuwa miaka michache baada ya mapinduzi ya Cuba, na Washington iliogopa kwamba wakulima maskini wa Amerika ya Kusini, kahawa ikianguka, wangefuata njia ya Castro. Bei ya kahawa iliyoeleweka ilikuwa sehemu ya gharama ya Vita Baridi. Mwaka 1989, mwaka uleule ukuta wa Berlin ulipoanguka, hofu ile ilikuwa imeyeyuka. Hakukuwa na sababu tena ya kulipa. Somo ninalolipata mimi ni gumu lakini sioni namna ya kulikwepa: nchi tajiri zilikubali bei yenye utu pale zilipokuwa na jambo la kuogopa, na zikaiacha pale zilipoacha kuogopa. Hotuba za maadili hazikuwa na sehemu kubwa katika kuanza kwake wala katika kufa kwake.

Matokeo yanajulikana. Néstor Osorio, Mkolombia aliyeongoza Shirika la Kimataifa la Kahawa, aliyaweka wazi mwaka 2002. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi zinazolima zilikuwa zikipata dola bilioni 10 hadi 12 kwa mwaka, na mauzo ya rejareja yalikuwa kama bilioni 30. Muongo mmoja baadaye rejareja imezidi bilioni 70, na wanaolima wanapata bilioni 5.5. Unywaji haukupungua. Kahawa haikukosa mnunuzi. Keki ilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili na kipande chetu kikakatwa nusu. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo sisi, kwa masharti ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, mwaka 1986, tulifungua biashara ya kahawa kwa wanunuzi binafsi, na ushirika uliokuwa umeshadhoofishwa ukaachwa ukimbizane nao. Mkulima akaambiwa sasa yuko huru kuuza kwa amtakaye. Alikuwa huru, akiwa peke yake, mbele ya kampuni chache zenye ofisi mabara matatu. Waliong'oa mibuni waliing'oa katika miaka hiyo.

Inaniuma kwamba Arusha iliyaona haya yote yakija. Februari 1979 mawaziri wa Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea, walikutana pale, wakati majeshi yetu yakiwa vitani dhidi ya Idi Amin. Nyerere aliwaambia kwamba nchi maskini zinahitaji chama chao cha wafanyakazi, kwa sababu mfanyakazi mmoja mmoja hajawahi kushinda mabishano ya mshahara na tajiri wake. Mwaka uliofuata, katikati ya mvutano wetu na IMF, mkutano mwingine uliofanyika Arusha ulitoa wito wa kuundwa upya kwa mfumo wa fedha duniani chini ya Umoja wa Mataifa. Hayakufanyika. Sababu moja ni nguvu ya wakubwa. Nyingine ni sisi: madeni yalipotubana, kila nchi ilikwenda Washington peke yake, kwa mlango wake, na kukubali masharti yake.

Hali hiyo haijabadilika sana. Machi 2016, katika hoteli ya Ngurdoto nje kidogo ya Arusha, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Lilikuwa azimio zito, na sisemi lilikuwa rahisi kwa kina mama na vijana wanaoishi kwa mitumba pale Memorial hapa Moshi. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikaambiwa zinaweza kupoteza nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru kupitia AGOA. Kenya ikarudi nyuma. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikataa, na mwaka 2018 ikasimamishwa manufaa ya nguo. Nchi zilizokaa meza moja na kusaini karatasi moja zilivunjika ndani ya miezi, na sikumbuki kusikia mwito wa mkutano wa dharura wa kusimama na Rwanda. Mtu anaweza kubishana kama mitumba ilikuwa vita sahihi ya kupigana. Ila adui yeyote aliyekuwa akitutazama alijifunza kwamba sahihi zetu za pamoja zinavunjika kwa barua moja.

Wapo walioshikamana kiasi. Mwaka 2019 Ghana na Kodivaa, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilitangaza nyongeza ya dola 400 kwa kila tani kwa ajili ya mkulima. Wanunuzi walilipa, kisha wakaibana nyongeza nyingine iliyokuwa ikilipwa kwa ubora wa kakao ya nchi hizo, hadi faida ikapungua sana. Sioni hapo sababu ya kukata tamaa. Naona kwamba nchi mbili hazitoshi, na kwamba bei ikilindwa upande mmoja itavuja upande mwingine. Ethiopia nayo ilipigania majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, na mwaka 2007 Starbucks ikakubali kusaini mkataba nayo. Ethiopia ilikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: takribani nusu ya kahawa yake inanywewa na Waethiopia wenyewe. Anayeweza kunywa kahawa yake ana namna ya kusubiri. Sisi tunauza nje zaidi ya asilimia 90, halafu Moshi hii, kwenye nyumba nyingi za wageni na hoteli, mtalii anayekuja kupanda mlima analetewa maji moto na kopo la kahawa ya unga, na wenyeji tunakunywa chai. Hili liko mikononi mwetu kabisa. Shule, hospitali, majeshi na ofisi za umma zinanunua vinywaji kila mwezi.

Na siwezi kumalizia bila kusema ya kwetu, kwa kuwa ushirika uliouawa na wageni uliuawa pia na wenyeji. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 kwa amri, ikavirudisha kwa sheria ya 1982, na vilivyorudi havikuwa tena vya wanachama kwa moyo uleule. Viongozi walikopa kwa dhamana ya mali za wakulima. Mkulima alipeleka kahawa ghalani, akasubiri malipo ya pili ambayo hayakuja, akajifunza kumwogopa katibu wa chama kuliko mchuuzi anayekuja usiku na fedha taslimu. Anayemnyonya jirani yake kwa mizani iliyochezewa hawezi kudai haki New York. Sisemi hivi ili kusawazisha lawama. Mizani ya kijijini haikuishusha bei ya 1989. Nasema kwa sababu chombo pekee tulichowahi kuwa nacho cha kupambana na bei hiyo ni chama, na chama kisichoaminika hakiwezi kumwambia mnunuzi hapana.

Sasa kuna jambo jipya, na ndilo linalonifanya niandike leo. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria inayotaka kila kahawa inayoingia kwake ithibitishwe kuwa haikutoka kwenye msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria haijafutwa. Kila shamba lililotoa kahawa linapaswa kujulikana lilipo, kwa vipimo vya setilaiti. Lengo ni jema, na sisi tunaoutazama Mlima Kilimanjaro hatuna sababu ya kuutetea ukataji wa misitu. Lakini gharama ya kupima vihamba vya robo eka, maelfu kwa maelfu, nani ataiweka kwenye bei yake? Ikiwa historia ni mwongozo, itamshukia aliye chini.

Linalonitia wasiwasi zaidi ya gharama ni ramani yenyewe. Kampuni inayonunua ikigharimia upimaji, ikaweka taarifa kwenye mfumo wake, basi kihamba kile kwa soko la Ulaya kinajulikana kupitia kampuni hiyo. Mkulima akitaka kumuuzia mwingine msimu ujao, hana cheti mkononi; cheti kiko kwenye kompyuta ya mnunuzi wa jana. Uhuru wa kuchagua mnunuzi, ambao ndio tulioahidiwa badala ya ushirika miaka ile, utakwisha kimyakimya bila sheria yoyote ya Tanzania kubadilishwa.

Februari 2025, siku zilezile bei ilipokuwa kileleni, nchi 25 za Afrika zinazolima kahawa zilikutana Dar es Salaam. Zilizungumzia ajira kwa vijana na kuongeza thamani. Ningependa kikao kinachofuata kijadili ramani hizi, na nchi zote 25 zikubaliane juu ya kanuni moja: taarifa za shamba ni mali ya mkulima, zinatunzwa na chama chake au bodi ya nchi yake, na mnunuzi anazipata kwa mkataba wa mauzo wenye gharama ya upimaji ndani yake kama sehemu ya bei. Kwa hapa nyumbani hatuhitaji kusubiri kikao hicho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tayari. Tume ya Maendeleo ya Ushirika inaweza kutoa mwongozo kwa Amcos zote, yaani vyama vya msingi vya wakulima, ndani ya msimu mmoja. Na mkutano mkuu wa chama chochote cha msingi, kuanzia Rombo hadi Siha, una mamlaka ya kupitisha azimio kwamba hakuna mwanachama anayesaini fomu ya mnunuzi ya kupimiwa kihamba kabla chama hakijaisoma na kubakiza nakala ya ramani.